Nimeambiwa serikali inamdhamini mpangaji asiye na uwezo, ni kweli Shangazi?

Shangazi shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 47, naishi hapa Mtwara mjini, kata ya Chikongola. Marehemu baba alituachia nyumba ya vyumba sita, vya kawaida tu, choo na bafu viko uani na bomba liko uani, kila chumba elfu arobaini kwa mwezi. Vitatu tunakaa sisi, mimi na wanangu na mdogo wangu wa kiume, vitatu tunapangisha na hiyo kodi ndo inamlipia mwanangu ada VETA na ndo inatununulia unga. Sina mshahara wala shamba la korosho.

Mwaka jana chumba cha kona alikaa kijana mmoja anabeba magunia kwenye maghala ya korosho. Aliingia na kodi ya miezi miwili, akasema inayofuata nitakupa msimu ukifunguliwa mama. Msimu ukafunguliwa, minada ikapigwa, kila nikimuuliza ananiambia bado hatujalipwa, na mi nikamwelewa maana nani asiyejua hela ya korosho inavyochelewa. Deni likafika miezi minne, laki moja na sitini elfu. Asubuhi moja nagonga mlango naona umerudishiwa tu, ndani hamna kitu, kabeba mpaka balbu na pazia langu la mlangoni, simu haipatikani hadi leo. Mkataba wa maandishi hatukuwa nao, huku kwetu wengi tunapeana tu kwa mdomo.

Tangu siku hiyo mdogo wangu kasema hapangishi mtu bila kodi ya miezi sita mkononi. Chumba kimekaa tupu toka mwezi wa tatu. Sa hivi amekuja dada mmoja ana watoto wawili, anauza chapati na samaki wa kukaanga kule feri wanakovukia watu wa Msangamkuu, namwona kila siku alfajiri anapita na beseni kichwani. Ana laki moja tu. Ameniambia "mama mimi elfu arobaini kila mwezi sikosi, lakini laki mbili na arobaini kwa mpigo sijawahi kuzishika". Nimemwambia nipe wiki mbili nifikirie.

Sasa mpwa wangu anasoma Ufaransa, ananiambia kule serikali inamdhamini mpangaji, asipolipa mwenye nyumba analipwa. Nikamsimulia jirani, sijui maneno yakafikaje kwa dalali wetu wa mtaa, siku ya tatu kaja na fomu ina nembo ya bibi na bwana, anasema hata hapa mpango umeshaanza wa kudhamini wapangaji wa kipato cha chini, mi nilipe elfu thelathini, yule dada elfu kumi na tano, tunatuma kwenye namba yake ye anapeleka mjini, baada ya wiki mbili tumeingia kwenye mfumo. Mdogo wangu ye anasema mambo ya fomu hayajui, kama namtaka huyo dada aingie, ila akikosa kodi tunang'oa mlango, atatoka mwenyewe.

Shangazi huo mpango upo? Na kama haupo nimfanyeje huyu dada, maana kumkatalia roho inaniuma na kumkubali naogopa.

Mama wa Chikongola

---

Marahaba mwanangu, pole na huyo kijana wa maghala, laki na sitini kwa mtu anayeishi kwa vyumba vitatu sio hela ndogo hata kidogo.

Naanza na fomu kwa sababu wiki mbili zako zinakwisha. Usilipe. Tanzania hamna mpango wa serikali wa kumdhamini mpangaji kwa mwenye nyumba binafsi, na hata ungekuwepo usingelipiwa kwenye simu ya dalali. Malipo ya serikali siku hizi yanatoka na kontrol namba, ukilipa jina la taasisi linatokea pale kwenye simu kabla hujabonyeza namba ya siri. Nembo ya bibi na bwana mtu yeyote anaiprinti stesheneri kwa mia tano. Hiyo fomu ipige picha uipeleke kwa mtendaji wa mtaa, na muhimu zaidi mwambie huyo dada leo hii asije akatoa elfu kumi na tano yake, maana mwenye laki moja ndo anayeumia zaidi akiibiwa, na ye akisikia serikali imemdhamini anaweza kukopa ili alipe.

Mpwa wako lakini hajakudanganya. Ufaransa kuna dhamana inaitwa Visale, ipo tangu 2016, inatolewa na chombo kinaitwa Action Logement ambacho hela yake inatoka kwenye makato ya waajiri na kinafanya kazi kwa makubaliano na serikali. Vijana wasiozidi miaka 30 na wafanyakazi wa kipato cha chini wanaomba bure, mwenye nyumba naye halipi kitu. Mpangaji akikwama, mwenye nyumba analipwa kodi iliyolala, inaweza kufika hadi ya miezi 36. Lakini sikiliza vizuri hapa, maana ndipo watu wanapoelewa vibaya: deni halifutiki. Mpangaji anaacha kudaiwa na mwenye nyumba anaanza kudaiwa na mdhamini, analipa kidogokidogo mpaka liishe. Na mwenye nyumba naye kuna vitu anabanwa, lazima kuwe na mkataba wa maandishi, kodi isizidi kiwango fulani, na akishaikubali hiyo dhamana haruhusiwi kumwambia mpangaji niletee na mdhamini mwingine juu yake.

Marekani wana namna nyingine, kuna vocha ya nyumba, familia ya kipato cha chini inalipa kama asilimia 30 ya kipato chake na serikali inamalizia kwa kumlipa mwenye nyumba moja kwa moja, ila kwanza nyumba inakaguliwa. Alafu majimbo kama Oregon na Washington wakaweka mifuko ya pembeni, mwenye nyumba aliyempokea mpangaji wa namna hiyo akiharibiwa nyumba au akiachiwa deni anaweza kurudishiwa, mpaka dola 5,000. Waliweka kwa sababu wenye nyumba walikuwa wanakataa watu wa vocha kwa woga uleule ulionao wewe.

Kwa hiyo usijione una roho mbaya kwa kuogopa. Wanaokutazama wanasema mama yule ana tamaa anataka miezi sita, mi naona miezi sita ndo bima yako, hamna mwingine anayekukinga. Shida ya hiyo bima ni kwamba anailipia mtu mmoja tu, tena yule asiye nayo. Na wewe mwenyewe inakula, piga hesabu, chumba tupu toka mwezi wa tatu kwa elfu arobaini arobaini, sa hivi ulichopoteza kwa kusubiri mtu wa miezi sita kinakaribia au kimeshapita alichokukimbia nacho yule kijana.

Kisheria huvunji kitu ukidai miezi sita, hilo nalo ulijue. Ile sheria ya 1984 iliyokuwa inadhibiti kodi za nyumba ilifutwa 2005, siku hizi mnabaki na Sheria ya Ardhi ya 1999 na mkataba wenu wenyewe. Ndo maana nasema mkataba, mkataba, mkataba. Na hiyo desturi ya miezi sita na mwaka mzima hapo Mtwara ilikazwa sana kipindi kile cha gesi, 2012, 2013 hivi, watu wa makampuni wanatua na hela, wenye nyumba wakazoea kupokea kwa mkupuo. Wale walishaondoka zao, aliyebaki ni muuza chapati wa feri, huyu kipato chake kinaingia kwa siku, ukitaka akulipe vizuri inabidi kodi ifuate hela yake inavyoingia.

Sasa fanya hivi. Huyu dada ana laki moja, usiichukue yote. Chukua elfu arobaini ya mwezi wa kwanza na elfu arobaini nyingine iwe dipoziti, elfu ishirini mwachie, hiyo ndo unga na mafuta ya kesho asubuhi, ukimkausha mtaji mwezi wa pili hana cha kukulipa na utasema wapangaji wote ni walewale. Alafu mkubaliane kwamba msimu wa korosho ukichanganya, mwezi wa kumi mpaka wa kwanza, hela inapozunguka mjini na hata mbeba magunia ananunua samaki wawili badala ya mmoja, kila mwezi anaongeza elfu kumi juu ya kodi. Miezi minne ni elfu arobaini, inaingia kwenye dipoziti. Ikifika masika, mwezi wa tatu wa nne hivi, mvua inapiga, feri watu wachache na mifuko imekauka, wewe una elfu themanini yake mkononi, yaani miezi miwili ya kodi. Hapo hata akiyumba hulali njaa. Hiyo dipoziti ni yake, iandike hivyo, akihama salama unamrudishia, kama kavunja kitu mnakata mbele ya shahidi. Usiile, mwanangu. Weka kwenye simu laini ya pembeni au kwenye kibubu, ila usiile, siku ya kumrudishia ukiwa huna utakuwa umemfanyia kile ulichofanyiwa.

La pili ni mdhamini, na hapa ndo unaweza kuitengeneza hiyo Visale yenu wenyewe hapo Chikongola. Muulize yuko kikoba gani. Mwanamke anayeuza feri kila siku ni nadra asiwe na kikoba, na wenzake wanamjua kuliko dalali anavyomjua, wanajua analeta hisa kila wiki au anakwepa, wanajua mkopo wa mwisho alirudisha au walimfuata nyumbani. Mwombe mwenyekiti na katibu wa kikoba waje, mkae ukumbini, muwaulize mko tayari kumsimamia? Wakikubali waandike kwamba akishindwa kodi kikoba kitamlipia isiyozidi miezi miwili, na yeye atakirudishia kikoba kama anavyorudisha mkopo. Weka kikomo, usiandike "kikoba kitalipa deni lote", hamna kikundi chenye akili kitasaini hicho na wakisaini siku ya siku watakugeuka. Dipoziti miezi miwili, kikoba miezi miwili, jumla minne, ndo kiasi kilekile alichokukimbia nacho yule kijana. Na mfuko wa jamii wa kikoba mara nyingi upo kwa ajili ya msiba na ugonjwa, kukosa pa kulala na watoto wawili nako ni shida ya jamii, nadhani watakuelewa.

Kama hana kikoba, tafuta mtu mmoja mwenye kipato kinachoonekana, wakala wa simu, mwalimu, fundi mwenye kijiwe chake, sio mjumbe. Mjumbe au mwenyekiti wa mtaa mwache awe shahidi, siku mkigombana unamhitaji awe katikati.

Mkataba wenyewe ukurasa mmoja unatosha, kwa Kiswahili, nakala mbili. Jina lake na namba ya NIDA, namba yake ya simu na ya ndugu mmoja wa nyumbani kwao, barua ya utambulisho kutoka mtaa alikotoka, kodi kiasi gani inalipwa tarehe ngapi, dipoziti, mdhamini na kikomo chake, hali ya chumba siku anaingia (kitasa kipo, balbu ipo, dirisha lina nondo, piga na picha), na notisi. Kwenye notisi usiogope ile habari ya kulipwa kwa mwezi, wengi wanadhani ukipokea miezi sita ndo una nguvu, kumbe ukishapokea miezi sita huyo mtu umekaa naye miezi sita hata akiwa mkorofi wa namna gani. Wa mwezi kwa mwezi notisi yake ni mwezi mmoja. Kila akilipa mpe risiti, hata ya kitabu cha dukani cha buku, au apitishe kwenye simu ujumbe ubaki.

Tukija kwa mdogo wako, mwambie kwa upole ila mwambie, habari ya kung'oa mlango ife. Mtoto wa mtu analala chumba hakina mlango, yakimpata ya kumpata usiku nyie ndo mtakaojibu, na hata yasipompata, kumtoa mtu kwa nguvu bila amri ya chombo cha sheria anaweza kuwashitaki na akashinda, deni lenu likageuka fidia yake. Njia ipo na sio ngumu: notisi ya maandishi, akigoma mnaenda baraza la kata kusuluhishwa, tangu mabadiliko ya 2021 baraza la kata halihukumu tena, linasuluhisha tu, likishindwa ndani ya siku 30 mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ukiwa na ule mkataba wa ukurasa mmoja, na mwenyekiti wa mtaa aliyesaini kama shahidi, kazi yako pale ni nyepesi. Na kama unaogopa gharama, wasaidizi wa kisheria wanatambuliwa na sheria tangu 2017 na msaada wao ni bure, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii pale halmashauri.

Ila mwanangu swali lako la kwanza halijaniacha. Umeuliza huo mpango upo, nimekujibu haupo, na inaniuma kukujibu hivyo kwa sababu serikali yetu kudhamini inajua. Benki ya Maendeleo ya Kilimo, TADB, tangu 2018 ina mfuko wa dhamana kwa wakulima wadogo, benki ya biashara ikimkopesha mkulima na mkulima akishindwa, mfuko unabeba sehemu ya hasara. Benki yenye ghorofa na walinzi inashikwa mkono isiogope kumkopesha mkulima wa Tandahimba, wewe mwenye vyumba vitatu vya kupangisha huna wa kukushika. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, ile ni mikopo ya vikundi kisheria na siwezi kukwambia kaombe ikulipie kodi. Lakini kwa nini pasiwe na mfuko mdogo wa namna hiyo kwa ajili ya pango? Miji yetu inajengwa na watu kama wewe, chumba kimoja kimoja, tofali kwa tofali, maskini wengi wa Mtwara na Lindi wanalala kwenye nyumba za watu binafsi sio za shirika la serikali, ukimdhamini mpangaji hapo umemsaidia na mwenye nyumba kwa shilingi ileile. Na serikali ingepata inachokililia kila siku, mikataba iliyoandikwa, wenye nyumba wanaojulikana, vyumba vilivyokaguliwa kama vina choo cha maana. Diwani wenu akija kwenye mkutano wa mtaa, simama umuulize hilo, sema na habari ya fomu ya dalali, maana utapeli unaota pale ambapo watu wana shida ya kweli na hamna mwenye kuishughulikia.

Mengine madogo. Mkubaliane mapema umeme na maji, nyumba ya vyumba sita kwa mita moja ya luku ndo chanzo cha ugomvi kuliko hata kodi. Na ile kodi ya jengo inayokatwa kwenye luku, 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ni ya kwako mwenye nyumba sio ya mpangaji, kwa hiyo mwezi ambao luku ameinunua yeye akakatwa, mrudishie au mpunguzie kwenye kodi, mwandike nalo. Anakaanga samaki, mwonyeshe kabisa pa kuweka jiko lake uani ili moshi usije ukawa kesi na wapangaji wengine, na muulize anaondoka saa ngapi alfajiri nani anabaki na wale watoto. Kikoba wakikataa kumsimamia waulize kwa nini, alafu niandikie walichosema kabla hujampa funguo.

Shangazi